Kwa Nini Tathmini za Uchumi wa Afya Huchakaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya waganga wakuu wa wilaya, wafamasia, wajumbe wa kamati za dawa, waandishi wa habari za afya na wanafunzi ambao hukabidhiwa ripoti yenye sentensi moja nzito, kwamba huduma fulani ina thamani ya fedha au haina, kisha wakatakiwa kuitumia kufanya uamuzi. Sentensi hiyo ina tarehe yake, hata pale ambapo tarehe haikuandikwa, na maswali yafuatayo yanahusu namna ya kuitafuta.

Tathmini ya uchumi wa afya ni nini, na ni kitu gani ndani yake kinachochakaa?

Tathmini ya uchumi wa afya hulinganisha njia mbili au zaidi za kutumia fedha za afya, kwa kawaida huduma mpya dhidi ya ile inayotolewa sasa. Mtathmini hukokotoa gharama ya ziada ya huduma mpya, akaigawa kwa manufaa ya ziada, ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa miaka ya maisha yenye afya iliyookolewa. Jibu hutoka kama kiasi cha fedha kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya, na kiasi hicho hulinganishwa na kikomo ambacho nchi inaona inaweza kukimudu.

Hesabu hiyo imebeba vitu vingi kwa pamoja: bei ya dawa, mishahara ya wahudumu, kiwango cha maambukizi, nguvu ya dawa, uaminifu wa wagonjwa katika kumeza dawa, huduma inayolinganishwa, thamani ya sarafu na kikomo chenyewe. Kila kimoja kina mwendo wake. Bei ya dawa inaweza kuanguka ndani ya miezi michache, mishahara hupanda kwa hatua, usugu wa vimelea hukua kimya kimya kwa miaka, na kikomo kinaweza kubadilishwa kwa waraka mmoja. Kwa hiyo jibu huchakaa vipande vipande, ilhali kwa msomaji wa ripoti linaendelea kuonekana zima.

Je, kuna mfano ambao hitimisho zima liligeuka?

Upo, na kwa Afrika Mashariki ndio mfano tusiopaswa kuuacha usahaulike.

Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mnamo Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Pamoja na punguzo hilo, mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha makala iliyohitimisha kwamba kinga dhidi ya VVU katika Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na thamani ya fedha angalau mara 28 zaidi ya tiba hiyo, na hivyo kwamba kinga itangulizwe na tiba isubiri. Kwa vipimo vya siku hizo hoja hiyo haikuwa ya kubeza: fedha zilikuwa chache, maabara zilikuwa haba, na wahudumu waliofundishwa kutoa dawa hizo walikuwa wachache mno.

Ndani ya miaka michache karibu kila kipande cha hesabu kilikuwa kimesogea. Bei ilishuka hadi chini ya dola 150 kwa mwaka katika makubaliano ya mwaka 2003, kisha kidonge kimoja chenye dolutegravir kikatangazwa kwa dola 75 mwaka 2017, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza bei iliyo chini ya dola 45. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052 ulionyesha kwamba kumwanzishia mtu dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza wake kwa asilimia 96. Ukuta uliotenganisha safu ya kinga na safu ya tiba ukaanguka, kwa kuwa tiba yenyewe ilikuwa kinga. Shirika la Afya Duniani nalo lilisogeza kiwango cha CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, cha kuanzia dawa kutoka 200 hadi 350 mwaka 2010, hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likapendekeza kila anayeishi na VVU aanzishiwe dawa. Kila tathmini iliyouliza ni lini mgonjwa aanze dawa ilipitwa na wakati kwa kila hatua hiyo. Hata namna ya kutoa huduma ilibadilika: mgonjwa aliyekuwa akipanga foleni kliniki ya huduma na tiba ya VVU (CTC) kila mwezi leo anaweza kuondoka na dawa za miezi mitatu au sita, na muda wa muuguzi uliohesabiwa zamani umepungua sana.

Jambo moja katika kisa hiki linanigusa kuliko mengine. Bei ya dawa haikushuka yenyewe kama mvua ya masika. Ilishushwa na wanaharakati, na watengenezaji wa India, na serikali zilizodai haki ya kununua dawa zisizo na jina la kampuni, na ahadi za ununuzi wa pamoja. Tathmini iliyoichukua bei ya siku ile kana kwamba ni hali ya kudumu ilikigeuza kitu ambacho siasa ingeweza kukibadilisha kuwa hoja ya kutofanya lolote. Mwishoni mwa 2023 zaidi ya watu milioni 30 duniani walikuwa wakitumia dawa hizo, na ndugu zetu wengi waliozikwa kabla ya huduma hiyo kufika wangeweza kuwa miongoni mwao.

Kama tatizo ni bei, si inatosha kuongeza mfumuko wa bei na kupata jibu la leo?

Haitoshi, na mara nyingi njia hiyo hupotosha. Mfumuko wa bei hupandisha gharama zote kwa pamoja, ilhali bei za vifaa vya afya huenda njia zao. Katriji ya kipimo cha GeneXpert kwa ajili ya kifua kikuu iliuzwa kwa nchi zenye kipato kidogo kwa dola 16.86, ikashuka hadi dola 9.98 mwaka 2012 na hadi dola 7.97 mwaka 2023. Mtu aliyechukua tathmini ya mwaka 2011 na kuiongezea mfumuko wa bei aliipeleka bei juu wakati bei halisi ilikuwa ikienda chini.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo hufanyiwa haraka kuliko linavyostahili. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 110 kwa dola mwanzoni mwa 2021, ikafika karibu 160 mnamo Januari 2024, kisha ikarudi kwenye 130 hivi ndani ya mwaka huohuo. Huduma ileile, iliyotolewa na muuguzi yuleyule kwa mshahara uleule, ilionekana kuwa rahisi kisha ghali kwa dola bila lolote kubadilika wodini. Utaratibu ulio salama ni kutenganisha gharama. Vitu vinavyotoka ndani ya nchi, kama mishahara, majengo na mafuta ya gari, vihuishwe kwa shilingi na kwa mfumuko wa bei wa nchi, kisha ndipo vigeuzwe kuwa dola kama kuna haja. Vitu vinavyoagizwa kutoka nje vipewe bei mpya kutoka kwenye orodha za sasa, iwe ni za Bohari ya Dawa ya Tanzania, za KEMSA (bohari ya dawa ya Kenya) au za wanunuzi wa kimataifa. Anayegeuza kila kitu kuwa dola kwanza na kutumia mfumuko wa bei wa Marekani anapata tarakimu isiyowakilisha nchi yoyote.

Huduma inayolinganishwa inabadilikaje?

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande hatari kuliko vyote, kwa sababu hakionekani. Bei iliyopitwa na wakati huonekana na mfamasia yeyote. Huduma ya kulinganishwa iliyopitwa na wakati hujificha nyuma ya maneno "huduma ya kawaida", na msomaji hudhani ni ile anayoijua yeye.

Chukua malaria. Kenya iliacha klorokwini na kuchagua SP (sulfadoksini na pirimethamini) mwaka 1998; Tanzania Bara ilifanya hivyo mwaka 2001. SP nayo ilianza kushindwa, na dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine) ikaingia vituoni Kenya mwaka 2006 na Tanzania Bara kuanzia mwishoni mwa mwaka huo. Tathmini iliyoonyesha kwamba SP ina thamani ya fedha kuliko klorokwini inaweza kuwa ilifanywa kwa umakini wote, na bado isiwe na la kumwambia mtu anayechagua leo kati ya aina mbili za dawa mseto, kwa kuwa pande zote mbili za mizani yake zimeondoka katika tiba ya kawaida. Usugu ulioanza kuonekana dhidi ya artemisinini nchini Rwanda, Uganda na Kagera unaonyesha kwamba mizani ya sasa pia haina dhamana ya kudumu.

Mfano mwingine ni kipimo cha haraka cha malaria. Manufaa yake ya kifedha hutokana hasa na dozi zinazookolewa pale mgonjwa wa homa anapogundulika hana vimelea. Mahali ambapo wengi wenye homa wana malaria kweli, kipimo huokoa dozi chache. Maambukizi yakishuka, huokoa nyingi. Katika tafiti za kaya za Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008, na asilimia 7 mwaka 2017. Hesabu iliyofanywa kwa hali ya kwanza ingekidharau kipimo hicho katika hali ya pili. Na umbali wa mahali hufanya kazi sawa na umbali wa wakati: mwaka huohuo wa 2017 Kigoma ilikuwa juu ya asilimia 20, ilhali Kilimanjaro, Arusha na Manyara zilikuwa chini ya asilimia 1. Jibu moja la kitaifa linaweza kuwa limechakaa Moshi, mkoani Kilimanjaro, huku likiwa bado hai Kasulu, mkoani Kigoma.

Ushahidi wa kitabibu ukibadilika, hesabu ifanyweje?

Irudiwe, wala isirekebishwe pembezoni. Mwezi Mei 2018 utafiti wa Tsepamo nchini Botswana uliripoti kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dolutegravir walipobeba mimba, 4 walizaliwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Nchi kadhaa ziliwazuia wanawake walio katika umri wa kuzaa kutumia dawa hiyo, na tathmini za wakati huo zilipaswa kupima hatari hiyo dhidi ya manufaa ya dawa. Kufikia mwaka 2019 idadi ilikuwa 5 kati ya 1,683, yaani hatari iliyokadiriwa ilishuka kutoka takriban asilimia 0.9 hadi asilimia 0.3, na takwimu za miaka iliyofuata hazikuonyesha tena tofauti na dawa nyingine. Tarakimu moja, iliyotokana na watoto wanne, iliamua kidonge ambacho wanawake wengi wangepewa. Tathmini iliyosimama juu ya idadi ndogo namna hiyo ilipaswa kusomwa kama barua ya muda.

Habari njema pia huchakaza hesabu. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, pamoja na utafiti wa KEN SHE nchini Kenya, ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja hutoa kinga kubwa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Tathmini zilizokokotoa dozi mbili, safari mbili za wachanjaji shuleni na wasichana waliokosa dozi ya pili hazina tena picha ya kazi inayofanyika.

Je, kikomo cha thamani ya fedha nacho hubadilika?

Hubadilika, na hapo ndipo huduma inaweza kuhama kutoka "haifai" kwenda "inafaa" bila hata mgonjwa mmoja kutibiwa tofauti. Baada ya ripoti ya mwaka 2001 ya tume ya uchumi mkuu na afya iliyoongozwa na Jeffrey Sachs, ilizoeleka kusema kwamba huduma inayogharimu chini ya mara tatu ya pato la wastani la mtu kwa kila mwaka wa maisha yenye afya ina thamani ya fedha, na ile iliyo chini ya mara moja ina thamani kubwa sana. Mnamo Septemba 2014 Kenya ilihuisha mwaka wa msingi wa takwimu zake za uchumi, na pato la taifa likaongezeka kwa karibu asilimia 25 kwenye karatasi. Kwa kanuni ile, kikomo cha nchi kilipanda kwa kiasi hichohicho siku hiyohiyo, ingawa hazina haikupata shilingi moja zaidi ya kununulia chanjo.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe waliandika mwaka 2016 kwamba kanuni hiyo isitumike peke yake kufanya uamuzi. Watafiti waliohesabu upya kwa kuangalia afya inayopotea pale fedha zinapoondolewa kwenye huduma nyingine walipata vikomo vya chini zaidi. Kwa Malawi, kilichotumika katika kupanga kifurushi cha huduma kilikuwa karibu dola 61 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya. Ripoti nyingi za miaka ya 2000 zilizosema huduma "ina thamani kubwa sana" zilipita kwa mlango mpana ambao leo haupo. Uingereza ilikumbana na hali ya kinyume: kikomo cha NICE, taasisi inayotathmini dawa na huduma huko, cha pauni 20,000 hadi 30,000 kilikaa palepale kwa zaidi ya miaka 20, na kwa kuwa nguvu ya pauni ilikuwa ikipungua, kikomo hicho kilibana mwaka hadi mwaka bila kuguswa na mtu.

Na kipimo chenyewe cha afya?

Kimebadilika pia. Utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani uliotolewa mwaka 2012 uliacha kupunguza thamani ya miaka ya baadaye kwa asilimia 3 kila mwaka na kuacha kuipa uzito tofauti miaka ya umri tofauti. Kifo cha mtoto mchanga kilianza kuhesabiwa kwa miaka mingi zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana hupaswi kuweka tathmini ya 2005 na ya 2015 katika jedwali moja kabla ya kuangalia ni hesabu ipi ilitumika.

Je, anayelipa akibadilika, tathmini inaathirika?

Inaathirika sana, ingawa jibu la mwisho linaweza kubaki na tarakimu zilezile. Tathmini nyingi za VVU, malaria na kifua kikuu katika nchi zetu zilihesabu gharama bila kutenganisha kile kilicholipwa na wafadhili na kile kilicholipwa na serikali, au ziliacha nje dawa zilizoletwa bure. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, maswali ya "inagharimu kiasi gani" yaligeuka ghafla kuwa "inamgharimu nani". Vilevile, Kenya ilipohama kutoka mfuko wa bima ya afya wa NHIF kwenda mamlaka mpya ya SHA mnamo Oktoba 2024, na Tanzania ilipotunga sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mnunuzi wa huduma au masharti yake yalianza kubadilika, na viwango vya malipo kwa vituo vinaweza kubadilika pamoja nayo. Tathmini iliyotumia viwango vya malipo vya mfuko wa zamani kama gharama inahitaji kukaguliwa mstari kwa mstari.

Baada ya miaka mingapi tathmini ihesabiwe kuwa imekwisha muda?

Hakuna idadi ya miaka inayofaa kwa zote, na sishauri kamati yoyote ijiwekee sheria ya miaka mitano kisha ilale. Nyingine huzeeka kabla hazijachapishwa. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ambayo bei yake ya orodha Marekani ilizidi dola 28,000 kwa mwaka. Mnamo Septemba mwaka huohuo yalitangazwa makubaliano ya kuitengeneza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kwa nchi 120 kuanzia 2027. Mtathmini aliyewasilisha kazi yake Juni akiwa na bei ya kubahatisha alikuwa na kazi mpya Oktoba. Kwa upande wa pili, matokeo kuhusu chumvi ya kuongeza maji mwilini kwa watoto wanaoharisha yamestahimili miongo kadhaa, kwa kuwa dawa ni rahisi, nguvu yake inajulikana, na hakuna kilichoipita.

Nimepewa tathmini ya miaka kumi iliyopita na kikao ni kesho. Nianzie wapi?

Tafuta kwanza mwaka wa bei, ambao ni tofauti na mwaka wa kuchapishwa. Pengo la miaka miwili au mitatu ni la kawaida. Mwongozo wa CHEERS wa kuripoti tathmini za uchumi wa afya, wa mwaka 2013, uliohuishwa 2022, unataka mwaka huo utajwe pamoja na sarafu, kwa hiyo usipouona una sababu ya kuwa na wasiwasi na mengine. Kisha soma ni huduma gani iliyolinganishwa, na ujiulize kama kituo chochote unachokijua bado kinaitoa. Baada ya hapo nenda kwenye sehemu ambapo watathmini walibadilisha tarakimu moja moja kuona jibu linatikisika kiasi gani. Sehemu hiyo ndiyo ramani yako, kwa sababu inakuonyesha ni kipande gani chenye nguvu. Kama jibu linaning'inia kwenye bei ya dawa na bei hiyo imeshuka nusu, una jambo la kusema kesho. Kama bei imeshuka lakini jibu halikuwa likiitegemea, usipoteze muda wa kikao.

Watathmini wenyewe wafanye nini ili kazi yao idumu?

Wachapishe kiasi cha vitu kando na bei zake: vidonge vingapi, vipimo vingapi, dakika ngapi za muuguzi. Waseme ni bei ipi ambayo ikifikiwa jibu litageuka, ili msomaji wa baadaye alinganishe na orodha yake. Waiache wazi faili ya hesabu, kwa wizara na kwa wanafunzi wa Muhimbili au Nairobi, badala ya kuifungia kwenye kompyuta ya mshauri aliyekwishaondoka. Na kamati inayopokea tathmini iandike katika mihutasari yake ni tukio gani litakaloilazimu kuifungua upya, kama vile hataza kuisha, mwongozo wa tiba kubadilika au usugu kuvuka kiwango fulani.

Basi tathmini za zamani zitupwe?

Zisitupwe. Kiasi cha vitu huchakaa polepole kuliko bei. Muda ambao muuguzi wa zahanati anautumia kumtoboa mtoto kidole, kusubiri mstari utokee kwenye kipimo na kumweleza mama matokeo haujabadilika sana tangu kipimo hicho kilipoingia. Ukiupata umeandikwa kwa dakika katika ripoti ya zamani, unaweza kuupa mshahara wa leo na kipimo bei ya leo, ukapata gharama ya leo kabla ya saa sita mchana.